Uzi: Kusoma CRP, ESR na vipimo vingine vya damu katika wiki za mwanzo baada ya kuwekewa goti bandia

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, naanzisha uzi huu kwa sababu haipiti muda mrefu bila mtu kuweka hapa picha ya majibu yake ya damu, yenye mshale unaotazama juu mbele ya CRP (protini ya damu ambayo ini huimwaga mwili ukijeruhiwa au ukiambukizwa), na kuuliza kama goti lake jipya limeshaingiwa na bakteria. Wachangiaji hujibu kwa nia njema, wengine wakimtuliza na wengine wakimtisha, lakini ni wachache wanaomwuliza swali linalopaswa kutangulia yote: damu hiyo ilitolewa siku ya ngapi baada ya upasuaji? Katika kipindi hiki CRP ya 150 inaweza kuwa jambo la kawaida kabisa siku ya tatu na ikawa jambo la kumrudisha mgonjwa hospitali wiki ya tatu. Mimi ni daktari katika wodi ya mifupa, na nitajitahidi kueleza kwa nini iko hivyo.

Upasuaji wa kubadilisha goti ni jeraha kubwa linalofanywa kwa makusudi. Ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi hukatwa kwa msumeno, na katika mbinu iliyozoeleka tundu hutobolewa hadi ndani ya uboho ili kupitisha fimbo ya kuelekeza pembe za kukatia. Utando unaozunguka kiungo hupasuliwa, misuli huvutwa pembeni, na mara nyingi paja hufungwa mkanda wa kubana damu ambao, ukifunguliwa, huziacha tishu zilizokosa oksijeni zikipokea damu kwa ghafla. Chembe za ulinzi zilizo katika tishu hizo hazisubiri bakteria ndipo zianze kazi. Uharibifu wenyewe unatosha kuziamsha, nazo humwaga kwenye damu kemikali za kupashana habari, na iliyo muhimu zaidi kwa mada yetu ni interleukini-6. Hiyo hupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni ndani ya siku ya kwanza, na baada ya siku chache inakuwa imekaribia kurudi ilikokuwa. Joto la mwili linalopanda kidogo usiku wa kwanza au wa pili, ambalo huwashtua sana ndugu wa mgonjwa, kwa kawaida ni kazi ya kemikali hizo.

Interleukini-6 ikifika kwenye ini huliagiza libadilishe uzalishaji wake, na hapo ndipo CRP inapotoka. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kuwa damu hiyo ina kitu kinachoshikamana na sukari fulani ya bakteria wa nimonia, waliyokuwa wameipa herufi C. Naitaja historia hii kwa sababu nadhani ndiyo iliyozaa dhana kwamba CRP ni kipimo cha maambukizi. Ini halina namna ya kujua kama agizo lililoletwa na interleukini-6 limetokana na bakteria au limetokana na msumeno wa daktari. Linatii tu, na kwa nguvu ileile.

Sasa kuhusu mwenendo wake. CRP huanza kupanda takriban saa 6 baada ya jeraha, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka haraka katika wiki ya kwanza na polepole baada ya hapo. Kwa mtu ambaye kabla ya upasuaji alikuwa chini ya miligramu 10 kwa lita, kilele cha miligramu 100 hadi 200 ni cha kawaida, na wapo wanaozidi hapo bila tatizo lolote. Wengi hurudi chini ya 10 kati ya wiki ya tatu na ya sita, na wachache huchukua hadi miezi miwili.

Kuna sifa moja ya CRP ambayo ingefaa ijulikane zaidi. Nusu ya CRP iliyo kwenye damu huondoka kila baada ya saa 19 hivi, na kasi hiyo haibadiliki sana, awe mtu mgonjwa au mzima. Maana yake ni kwamba kiwango unachokiona hutawaliwa na jambo moja tu, yaani kiasi ambacho ini limekuwa likizalisha katika siku moja au mbili zilizopita. Tuchukue mfano wa mtu aliyefika 200 siku ya pili. Kama ini lingeacha kabisa kuzalisha saa ileile, siku ya saba angekuwa na 2 au 3 hivi. Hakuna anayefika huko siku ya saba. Wengi bado wako kwenye makumi. Pengo hilo kati ya hesabu na uhalisia ndiyo kazi ya uponyaji inayoendelea ndani ya goti: damu iliyovilia inasafishwa, mfupa uliokatwa unajitengeneza, utando unaunganika. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayoifanya CRP iwe mlinzi mzuri, kwa kuwa ikiwa ilikuwa imefika 60 na leo imepanda hadi 130, haiwezekani kusema kwamba hayo ni mabaki ya upasuaji. Mabaki yangekuwa yameshaondoka. Kuna agizo jipya lililolifikia ini, na ni lazima litafutwe limetoka wapi.

ESR, yaani kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu za damu, ni habari nyingine kabisa. Alf Westergren alieleza mwaka 1921 njia ya kuipima inayotumika hadi leo. Chembe nyekundu kwa kawaida husukumana kwa sababu ya chaji zilizo kwenye ngozi zake, lakini fibrinojeni ikiongezeka kwenye damu hupunguza msukumano huo, chembe zikapangana kama sarafu zilizorundikwa, na rundo likazama haraka kuliko chembe moja moja. Fibrinojeni hubaki juu kwa muda mrefu baada ya upasuaji, na upungufu wa damu unaofuata kuvuja kwa damu wakati wa upasuaji nao huongeza kasi hiyo. Kwa hiyo ESR hupanda taratibu, hufika kileleni kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza, na inaweza kubaki juu kwa miezi mitatu, sita, na kwa baadhi ya watu hata mwaka. Kwa maoni yangu, kumpima mtu ESR katika wiki sita za mwanzo kwa ajili ya kutafuta maambukizi ya goti ni kupoteza damu yake na fedha zake.

Chembe nyeupe za damu nitazitaja kwa ufupi: hupanda siku ya kwanza hadi ya tatu, hasa zile za aina ya nyutrofili, kisha hushuka. Zikiwa za kawaida hazimwondolei mtu shaka ya maambukizi, na zikiwa juu katika siku hizo za mwanzo hazithibitishi kitu.

GotiJipya

Shukrani sana, daktari, kwa maelezo haya. Mimi nina umri wa miaka 68 na nimewekewa goti la kulia. CRP yangu siku ya tatu ilikuwa 186, na walipoirudia kliniki wakati wa kutoa nyuzi ilikuwa 31. Daktari wangu aliridhika na hakusema zaidi. Shida yangu ni kwamba jirani yangu wa kitanda, ambaye alifanyiwa upasuaji uleule siku ileile, hakuvuka 80, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mwili wangu una kasoro gani. Isitoshe, goti langu bado lina joto ukiligusa, na nikilinganisha na la kushoto tofauti ni dhahiri kabisa.

Mleta uzi

Mzee wangu, pole kwa upasuaji na hongera kwa kuendelea vizuri. Kushuka kutoka 186 hadi 31 katika muda huo ndiko kunakotarajiwa, na ninaelewa kwa nini daktari wako hakuona haja ya hotuba.

Kilele cha mtu mmoja hakilinganishwi na cha mwingine, hata kama walilala vitanda vinavyofuatana. Watu hutofautiana katika nguvu ya mwitiko wa ini kwa namna wanavyotofautiana katika mambo mengine ya mwili. Mwenye uzito mkubwa mara nyingi huanza na CRP iliyo juu kidogo tangu kabla ya kupasuliwa. Mwenye baridi yabisi anaweza kuanza na makumi, na hatarudi chini ya 10 hata goti likipona vizuri, kwa kuwa ugonjwa wenyewe unaendelea kuliagiza ini. Aliyebadilishiwa magoti mawili kwa pamoja hupanda zaidi ya aliyebadilishiwa moja, na goti kwa kawaida hupandisha zaidi ya nyonga.

Kisha kuna dawa, na hapa ndipo huenda fumbo la jirani yako lilipo. Wataalamu wengi wa usingizi humpa mgonjwa dozi ya deksamethasoni mwanzoni mwa upasuaji ili kupunguza kichefuchefu na maumivu. Dawa hiyo hupunguza interleukini-6 na hivyo CRP huwa chini katika siku za mwanzo, huku ikizipandisha chembe nyeupe za damu kwa kuzitoa kwenye kuta za mishipa zilikokuwa zimejibanza. Mtu asiyejua kwamba dawa hiyo ilitolewa anaweza kuona CRP ndogo na chembe nyeupe nyingi akachanganyikiwa. Ukiwa na nafasi, soma fomu yako ya usingizi au omba usomewe.

Kuhusu joto: goti lililobadilishwa hubaki na joto kuliko jenzake kwa miezi kadhaa, muda mrefu baada ya CRP kuwa imeshashuka. Joto la kuenea goti zima, linalopungua kidogo kidogo, lisilo na wekundu unaotambaa wala maumivu yanayozidi, linaendana na uponyaji. Joto linaloongezeka baada ya kuwa limepungua ni jambo la kupiga simu siku hiyohiyo.

MtuWaMaabara

Naomba niongeze ya upande wetu, kwa sababu sehemu ya hofu zinazoletwa hapa huanzia kwenye karatasi yenyewe.

La kwanza ni vizio. Maabara nyingi huandika CRP kwa miligramu kwa lita, lakini zipo zinazoandika kwa miligramu kwa desilita, na kati ya hivyo viwili kuna tofauti ya mara kumi. Anayepimwa leo katika maabara moja akaambiwa 12.4 kwa desilita, na wiki ijayo katika nyingine akaambiwa 38 kwa lita, atadhani imepanda mara tatu, ilhali imeshuka kutoka 124 hadi 38. Kwa kuwa hapa kinachotafutwa ni mwelekeo, ni vizuri vipimo vyote vifanywe na maabara moja, na kizio kisomwe kabla ya namba.

La pili ni kwamba kuna kipimo kinachoitwa CRP ya unyeti wa juu, ambacho hutumika kukadiria hatari ya magonjwa ya moyo kwa kupima viwango vidogo mno. Hicho hakina kazi wiki chache baada ya upasuaji, na viwango vyake vya hatari, ambavyo huhesabiwa kwa miligramu moja hadi tatu, visitumike kamwe kumtisha mtu aliyetoka kukatwa mfupa.

ESR nayo ina udhaifu wake wa kiufundi. Bomba likiinama kidogo, chembe huteleza ukutani na kuzama haraka. Damu ikikaa muda mrefu kabla ya kupimwa, majibu hubadilika. Chumba kikiwa na joto kali, kasi huongezeka. Tena kiwango cha kawaida hupanda na umri. Kanuni ya makadirio inayotumika sana ni kugawa umri kwa mbili kwa mwanaume, na kwa mwanamke kuongeza kumi kwenye umri kisha kugawa kwa mbili. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa miaka 70 mwenye ESR ya 38 yumo ndani ya kawaida hata kabla ya kupasuliwa, ingawa karatasi nyingi zitamwekea mshale.

Nimalizie na jambo ambalo halihusu maambukizi lakini hutokana na interleukini-6 hiyohiyo. Huliagiza ini litoe homoni ya hepsidini, ambayo hufungia madini ya chuma ndani ya ghala za mwili na kuzuia utumbo usiyanyonye. Ndiyo maana baada ya upasuaji utaona chuma cha kwenye damu kimeshuka huku feritini, yaani protini inayohifadhi chuma, imepanda, na vidonge vya chuma vinavyomezwa katika siku hizo husaidia kidogo sana. Albumini, protini nyingine ya damu inayotengenezwa na ini, pia hushuka. Mtu asizione namba hizi akadhani ghafla amepata magonjwa matatu mapya.

MuuguziWaZamu

Nimefurahia uzi huu, lakini nina hoja moja ya kupingana na mleta uzi, au walau kumwomba afafanue. Ukisema kwamba namba moja haitoshi na kinachotakiwa ni mwelekeo, basi inafuata kwamba kila mgonjwa apimwe CRP zaidi ya mara moja, siku ya tatu na kabla ya kuruhusiwa kwa uchache. Huku kwetu wagonjwa wengi hawapimwi kabisa. Tunasubiri mtu aje na goti limevimba, ndipo tunapima, na hapo hatuna cha kulinganisha nacho.

Mleta uzi

Dada MuuguziWaZamu, hoja yako ina uzito, na madaktari wenyewe hawajakubaliana juu yake. Sababu inayonifanya nisiunge mkono kumpima kila mtu ni kwamba maambukizi baada ya upasuaji huu hutokea kwa takriban mgonjwa 1 au 2 kati ya 100. Ukiwapima wote 100, utapata wengi ambao namba yao imekaa juu kidogo kuliko ulivyotarajia, na kila mmoja wao atarudiwa, atacheleweshwa kuruhusiwa, na baadhi watapewa antibiotiki wasizozihitaji. Mgonjwa mwenye mshono mkavu, anayekunja goti zaidi kila siku na ambaye maumivu yake yanapungua, haongezewi kitu na karatasi ya maabara. Ila nakubaliana nawe katika kundi moja: wenye baridi yabisi, wenye kisukari kisichodhibitiwa vizuri, na wale ambao mshono wao haujakauka walipaswa wawe na kipimo cha kabla ya upasuaji na kimoja cha siku ya tatu, ili tusije tukabahatisha baadaye.

Na kwa kuwa umeligusa goti lililovimba, tuzungumzie maambukizi yenyewe.

Mkutano wa kimataifa wa wataalamu uliofanyika Philadelphia mwaka 2013, na ule wa 2018 uliofuata, ulitenganisha vigezo vya kipindi cha mapema na vile vya baadaye. Katika kipindi cha mapema CRP huhesabiwa kuwa kigezo ikizidi miligramu 100 kwa lita, wakati baadaye 10 tu inatosha kuleta shaka. ESR haikupewa nafasi yoyote katika kipindi cha mapema. Baadaye ndipo 30 inapohesabika. Majimaji yanayovutwa kutoka ndani ya goti hupewa kikomo cha chembe nyeupe 10,000 kwa mikrolita mapema, na 3,000 baadaye, kwa sababu goti lililopasuliwa karibuni lina damu na chembe nyingi hata likiwa safi. Kinachothibitisha bila ubishi ni bakteria wa aina moja kuota katika sampuli mbili tofauti, au tundu linalotoka nje ya ngozi na kufika kwenye goti bandia.

Naomba hiyo 100 isisomwe vibaya. Ni kikomo cha kuhesabia alama pamoja na vigezo vingine, na mtu aliye chini yake hajapewa cheti cha usalama. Mgonjwa wa wiki ya nne mwenye CRP ya 55 ambayo wiki iliyopita ilikuwa 20, na mshono wake umeanza kulowesha bandeji, ananitia wasiwasi kuliko mgonjwa wa siku ya nne mwenye 190. Zaidi ya hayo, bakteria wapole, wale wanaoishi kwenye ngozi zetu bila kutudhuru, wanaweza kukaa kwenye goti bandia kwa muda mrefu na CRP ikawa ya kawaida kabisa. Kwa upande wa pili, agizo jipya lililofika kwenye ini si lazima litoke gotini. Nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo hasa kwa aliyewekewa mpira wa mkojo, damu kuganda katika mshipa wa mguu, damu nyingi iliyovilia gotini, na shambulio la jongo ambalo hupenda kuja baada ya upasuaji, vyote huipandisha.

Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, husaidia tunaposhuku nimonia au bakteria waliosambaa kwenye damu, lakini maambukizi yaliyojifungia ndani ya kiungo kimoja mara nyingi hayaipandishi vya kutosha, kwa hiyo ikiwa ya kawaida haitoshi kutuliza. Kipimo cha D-dimer, kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda, huwa juu kwa kila aliyefanyiwa upasuaji huu, na anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda mguuni apelekwe moja kwa moja kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti.

MtotoWaMgonjwa

Naomba msaada wa haraka. Mama yangu ana siku kumi tangu awekewe goti. Bandeji yake bado inalowa maji ya rangi ya waridi kila siku, na goti linamuuma kuliko wiki iliyopita. Tulipima CRP kwenye maabara ya karibu, ikawa 118. Nyumbani tuna antibiotiki zilizobaki kwa ndugu mwingine, na kuna mtu amenishauri nimpe pamoja na dawa kali za kupunguza uvimbe ili CRP ishuke, kisha tuirudie baada ya siku chache. Hilo ni sawa?

MuuguziWaZamu

Ndugu yangu, usimpe dawa hizo. Mpigie simu daktari aliyempasua sasa hivi, na ukikosa simu mpeleke hospitali leo hii, akiwa na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za kuyeyusha damu. Usibadilishe bandeji mara kwa mara kwa vitambaa vya nyumbani, na usiubonyeze mshono ili maji yatoke.

Mleta uzi

Nasisitiza alichosema dada, na nieleze sababu zake. Mshono ambao bado unavuja baada ya siku 5 hadi 7 ni tatizo linalojitegemea, hata CRP ingekuwa 15. Maji yakiweza kutoka, bakteria nao wanaweza kuingia, na madaktari wengi katika hali hiyo huamua kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji kusafisha kuliko kuendelea kusubiri. Unaposema pia kwamba maumivu yameongezeka baada ya kuwa yamepungua, na CRP ni 118 siku ya kumi, mambo matatu yanaelekeza upande mmoja.

Antibiotiki za mabaki zina madhara mawili hapa. Bakteria wakishakaa juu ya chuma na plastiki hujitengenezea utando unaowakinga, na vidonge peke yake haviwezi kuuondoa. Kinachofanyika ni kulifungua goti, kuliosha, kubadilisha kipande cha plastiki na kuacha chuma, kisha kutoa antibiotiki zilizochaguliwa kwa kumjua bakteria mwenyewe. Matibabu hayo hufaulu zaidi yakifanywa mapema, kabla utando haujakomaa. Dhara la pili ni kwamba vidonge hivyo huwapunguza bakteria kiasi cha kutoota maabara, ila haviwamalizi, na daktari anabaki anatibu adui asiyemjua. Ndiyo maana mgonjwa asiye na hali ya hatari huvutwa majimaji ya goti kwanza, na dawa hufuata.

Na kuhusu kuishusha CRP kwa dawa: hakuna faida yoyote ya kuishusha namba. Kuna dawa ya baridi yabisi iitwayo tosilizumabu ambayo huzuia interleukini-6 isisikike, na anayeitumia anaweza kuwa na usaha gotini huku CRP yake ikiwa imelala chini. Mwenye ini lililoharibika vibaya naye hana uwezo wa kuipandisha inavyostahili. Kwa watu hao wawili tunalitegemea goti lenyewe, na sindano ya kuvuta majimaji.

MtotoWaMgonjwa

Nimempata daktari wake. Amesema tumpeleke sasa hivi na asile chochote njiani, kwa kuwa huenda akaingizwa chumba cha upasuaji. Asanteni sana, tunaondoka.

MsomajiKimya

Namwombea mama apone haraka. Swali langu halina dharura. Nina miezi minne tangu nibadilishiwe goti, natembea bila fimbo, ila ninachechemea kidogo asubuhi. Nimepimwa kwa ajili ya jambo jingine, ESR ikawa 54 na CRP 4. Daktari wa huko ameniambia huenda goti lina maambukizi ya chinichini na ameniandikia antibiotiki za wiki mbili.

Mleta uzi

Kabla ya kuzimeza, wasiliana na aliyekufanyia upasuaji. ESR ya 54 mwezi wa nne, ikiwa CRP imeshashuka hadi 4 na unatembea vizuri, mara nyingi ni mkia wa upasuaji wenyewe, hasa kama hemoglobini yako haijarudi ilikokuwa. Uliza imefika ngapi. Ukiwa bado na upungufu wa damu, sehemu ya hiyo 54 imeshapata maelezo. ESR pia hupandishwa na mambo mengi yasiyohusu goti, kuanzia ugonjwa wa figo hadi magonjwa ya damu yanayozalisha protini nyingi, na kwa kuwa ulipimwa kwa ajili ya jambo jingine, huenda jibu liko hukohuko.

Nilishasema juu kwamba bakteria wapole wanaweza kuiacha CRP chini, kwa hiyo sitakuambia kwamba shaka ya daktari huyo haina msingi hata kidogo. Ninachopinga ni mpangilio wake. Mtu akishuku maambukizi ya chinichini huangalia kama kuna maumivu wakati wa kupumzika au usiku, kama mshono ulichelewa kukauka, kama picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeanza kuachana na chuma. Halafu hurudia vipimo vyote viwili baada ya wiki kadhaa katika maabara ileile. Vikipanda, au goti likianza kuuma, majimaji huvutwa katika mazingira safi ya hospitali na kuachwa maabara siku za kutosha ili bakteria wanaoota polepole waonekane. Ukiwa umeshameza antibiotiki, kwa kawaida itabidi usubiri walau wiki mbili baada ya kuziacha ndipo sindano hiyo iwe na thamani.